Mashine haijafa, fundi hajapima

Wasikilizaji wetu wa mji wa Uvira, wa Uwanda wa Ruzizi na wa kando ya ziwa mpaka Makobola na Baraka, nanyi ndugu mliokimbia vita ambao leo mnalala kwa jamaa au ndani ya vyumba vya shule: leo siandiki juu ya kikao wala juu ya ziara ya kiongozi. Naandika juu ya sanduku moja la chuma. Nina hasira, mnivumilie.

Juma lililopita mama mmoja alifika mlangoni pa radio na gunia kichwani. Ndani ya gunia mlikuwa na vitenge viwili, na ndani ya vitenge mlikuwa na kompyuta, ile sehemu tunayoita inite santrali. Si mashine ya dukani. Mdogo wake aliiunganisha mwenyewe kule Bukavu kwa vipande vya mashine tatu zilizoharibika: sanduku la hii, alimantasio ya ile, bareti za ram alizonunua moja moja kila alipopata kazi. Kwa mashine hiyo mama alikuwa na sekretaria yake. Alikuwa anapiga TFC za wanafunzi, barua za kuomba kazi, matangazo ya msiba. Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, aliacha vitanda, akaacha friji, akabeba mashine. Ilishuka naye miteremko ya Ngomo juu ya lori, ikapita Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka huku, kisha ikalala miezi chini ya kitanda cha shemeji yake kwa sababu hapakuwa na nafasi ya meza.

Alipopata kona ya kuiweka, haikuwaka. Yaani feni zilizunguka, taa ya mbele ikawa ya kijani, lakini ekrani ilibaki nyeusi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi hakuifungua. Aliweka mkono juu ya sanduku kama mtu anayeshika paji la uso la mtoto mwenye homa, akasema: "Mama, karte-mere imeungua. Nyingine ni dola sabini. Kama huna, niachie hii nikupe kumi na tano, ni vyuma tu."

Mama akaniambia: "Mwanangu, ninyi wa radio mnapitisha matangazo. Nitangazieni kama kuna mtu wa kuinunua kwa ishirini."

Sikumtangazia. Tulifungua sanduku juu ya meza ya studio, mimi na kijana wetu wa ufundi. Barabara ya Ngomo ilikuwa imefanya kazi yake: bareti moja ya ram ilikuwa imeinuka upande mmoja, labda nusu ya ukucha. Tulizitoa zote mbili, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi, tukarudisha moja na kuikandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vikalia. Mashine ikawaka. Tukarudisha ya pili, ikawaka tena. Habari za saa sita zilikuwa hazijaanza. Hakuna franka hata moja iliyotumika, na kifutio kilikuwa cha mtoto wa mlinzi.

Dola sabini! Kwa familia iliyokimbia, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi, ni ada, ni magunia ya unga. Na kama mama angekubali zile kumi na tano, kesho yake mashine ingekuwa mezani kwa mtu mwingine inauzwa kama nzima, kwa sababu ni nzima.

Sasa mafundi wataniambia nawachafulia jina. Hapana. Wako mafundi Uvira ambao ningewapa mashine yangu nikiwa nimefumba macho. Ninaowasema ni wale ambao kila mashine isiyowaka jibu lao ni moja: karte-mere. Wananikumbusha zile zahanati za pembeni ambako kila homa inatundikiwa serumu ya kinini bila kupima damu. Mgonjwa ana minyoo, anatundikiwa kinini. Ana njaa, kinini. Akipona, ni kinini kimemponyesha. Asipopona, malaria ilikuwa kali.

Mashine isiyowaka haihitaji unabii, inapimwa kwa hatua, kutoka nje kwenda ndani. Nitazieleza hapa, si ili kila mtu ajifanye fundi, lakini ili ukisimama mbele ya meza ya mtu ujue kama anapima au anabahatisha.

Kwanza, kuna kutowaka kwa aina nyingi, na kila aina ina maana yake. Mashine iliyo kimya kabisa, hakuna feni, hakuna taa, si ndugu wa ile ya mama iliyozungusha feni bila picha. Iliyo kimya kabisa, unaanzia ukutani. Je, prise ina umeme? Je, multiprisi ni nzima? Chomeka taa au chaja ya simu hapo hapo uone. Je, ule waya mnene umeingia mpaka mwisho nyuma ya sanduku? Je, ile swichi ndogo ya nyuma iko upande wa mstari au upande wa duara? Mnacheka, lakini nimeona mtu mzima akilipa usafiri wa pikipiki kwenda na kurudi kutoka Kavimvira kwa sababu ya swichi ya duara.

Vikiwa sawa vyote hivyo, fundi anajaribu alimantasio peke yake. Anaichomoa kwenye bodi kuu, anachukua ile plagi pana ya matundu 24, anaunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwa kipande cha waya, kisha anaitia umeme. Feni yake ikizunguka, anapima volti kwa multimetri: njano inapaswa kuwa karibu 12, nyekundu karibu 5, rangi ya chungwa karibu 3.3. Isipozunguka, mara nyingi ugonjwa uko hapo. Jaribio hilo halizidi dakika tano, na mteja anaweza kusimama akaliona. Lakini sanduku lenyewe la alimantasio usilifungue nyumbani, hata kama limechomolewa: ndani kuna kapasita zinazotunza umeme wa volti mia tatu na zaidi, na zinaua.

Kuhusu alimantasio kuna jambo linaloniuma zaidi. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Huko Marekani umeme wa nyumbani ni kama volti 120, kwa hiyo swichi inakaa kwenye 115. Huku kwetu ni 220. Mashine inashushwa kutoka kwenye mzigo wa vitu vilivyotumika, mtu anafurahi, anachomeka bila kuangalia: mlio mmoja, moshi, basi. Kisha anaambiwa mashine yote imekufa, wakati mara nyingi ni alimantasio peke yake iliyokufa. Muuzaji anayejua anaisogeza swichi hiyo kwa ncha ya kalamu kabla ya kupokea pesa. Asiyejua auze nyanya.

Feni zikizunguka bila picha, kama kwa mama, hapo ndipo bareti zinatolewa na kurudishwa moja moja. Hapo pia unaangalia ile plagi ndogo ya pili ya matundu manne au nane karibu na prosesa. Wanaojiunganishia mashine mara ya kwanza wanaisahau sana, na bila hiyo prosesa haipati umeme. Unaangalia kama waya wa ekrani umechomekwa kwenye kadi ya picha au kwenye bodi. Na unasikiliza. Bodi nyingi zina mahali pa kaspika kadogo kenye nyaya mbili, kitu cha bei ya chini kabisa, na ukikachomeka mashine inasema yenyewe inapougulia: milio mirefu inayorudiarudia mara nyingi ni ram, mmoja mrefu na miwili mifupi kwenye bodi nyingi ni picha. Mashine za kuunganisha hapa kwetu karibu zote hazina kaspika hako. Mafundi wanakatoa, au hawakuweki, na mgonjwa anabaki bubu.

Ikiwaka sekunde tatu ikazimika, ikawaka tena, ikazimika, shuku joto au mgusano. Pengine kipozeo cha prosesa kimelegea, pengine kuna skurubu imeanguka chini ya bodi, pengine bodi imefungwa ikagusa chuma cha sanduku kwa sababu vile vinguzo vya kuinyanyua vimewekwa pasipo na tundu lake. Toa kila kitu nje, weka bodi juu ya karatoni kavu, washa na bareti moja tu. Ikiwaka juu ya karatoni na kukataa ndani ya sanduku, kosa ni la sanduku.

Naweza kuunganisha mashine Uvira kwa vipande vya mashine tatu kwa sababu tangu 1995 kuna kipimo kimoja, ATX, kilicholetwa na kampuni ya Intel, na watengenezaji wengi wanakifuata: matundu ya skurubu ni yale yale, plagi ni zile zile. Ila si wote. Kuna mashine za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo plagi yake inafanana kabisa na nyingine lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukizichanganya, hapo kweli unaunguza bodi. Kwa hiyo neno "karte-mere imeungua" si uongo siku zote. Nasema tu lithibitishwe.

Turudi kwenye umeme wetu. Unatoka kwenye maji ya Ruzizi, juu kule upande wa Bukavu, unashuka safari ndefu, unafika jioni umechoka. Saa moja usiku kila nyumba imechomeka resho, taa inakuwa kama kibatari. Alimantasio nzuri haiwashi bodi mpaka iwe imepata umeme wa kutosha na kutulia. Ikitulia inatuma alama, na bodi inaanza. Alama isipokuja, bodi inakaa kimya kwa makusudi ili kujilinda. Kwa hiyo mashine inayokataa saa moja usiku na kukubali saa kumi alfajiri mara nyingi haina ugonjwa wowote. Mwenye ugonjwa ni umeme. Nimewasikia watu waliobadilishiwa bodi kwa sababu ya saa moja usiku. Na wanaotumia sola na ile inverta ya bei nafuu wajue kwamba alimantasio nyingine za kisasa zinaukataa umeme wake, zinazima au zinalia. Jaribuni kwenye umeme mwingine kabla ya kumwita fundi. Na umeme ukienda, chomoa. Ukirudi, subiri kidogo, maana wakati mwingine unarudi kama ng'ombe aliyefungwa siku tatu.

Sasa jiwe. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna jiwe la duara kama sarafu, CR2032, la volti 3. Linatunza saa na mapangilio ya mashine wakati hakuna umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, umeme wa ukutani unasaidia na jiwe linadumu miaka. Huku kwetu umeme unakosekana siku nyingi, mashine zinachomolewa, jiwe linafanya kazi usiku na mchana peke yake na linakufa mapema. Likifa, mashine inawaka kila asubuhi ikidhani ni tarehe moja mwezi wa kwanza wa mwaka iliyotengenezwa. Inasimama kwenye maneno meupe ya Kiingereza, inaomba ubonyeze F1. Nyingine inasahau kwamba ina diski. Ukiingia intaneti, kurasa zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe si sahihi. Mtu anadhani ni virusi, anatafuta fundi, fundi anafuta diski nzima na kuweka Windows upya. Picha za harusi zimeenda. Cheti cha Exétat kilichopigwa skana, na ambacho asili yake iliungua na nyumba, kimeenda. Yote kwa sababu ya jiwe ambalo bei yake haifiki bei ya sahani ya ndagala na ugali.

Hilo ndilo nawaomba mafundi walielewe kabla ya kukasirika. Kwa aliyekimbia, kompyuta si kifaa cha kujionyesha. Wapo wanaosema, nimewasikia hata maofisini: "Mkimbizi wa kompyuta, huyo hana njaa." Neno baya. Ndani ya lile sanduku ndimo zimebaki karatasi za shamba, matokeo ya watoto, picha ya marehemu. Kabla ya kuweka Windows upya unatoa diski, unaichomeka kwenye mashine nyingine, unanakili. Fundi anayefuta bila kuuliza amechoma nyumba mara ya pili.

Mimi nami nina dhambi yangu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, Mulongwe ilipotoka kwenye njia yake na kuingia mjini, maji ya matope yalipita ndani ya nyumba tuliyokuwa tunakaa. Mashine yangu ya kuunganisha ilikuwa chini, kando ya kitanda. Siku ya pili umeme uliporudi kwa jirani, nilivuta waya mrefu nikaiwasha "kuona tu kama bado inaishi". Ilikuwa bado inaishi. Ni mimi niliyeiua pale, kwa haraka yangu. Mashine iliyolowa unatoa jiwe, unachomoa kila kitu, unaosha matope kwa maji safi na brashi laini, kisha alkoli, unaianika kivulini siku kadhaa, na diski humwashii mtu yeyote mpaka iwe kavu kabisa. Ziwa nalo limeshapanda na kuingia kwenye nyumba za watu wa pwani. Watu wa Kalundu na Kavimvira, mkumbuke hili kabla ya mvua.

Fundi mmoja, kijana mzuri, nilimweleza hayo yote. Akanijibu: "Mkubwa, mteja halipi kupima. Nikimwambia ni bareti imelegea ananipa asante na kwenda. Nikimwambia ni karte-mere, nakula." Alisema kweli, na hapo lawama inarudi kwetu wateja. Hospitalini unanunua fishi kabla ya kumwona daktari, na daktari akikuta huna ugonjwa hurudishiwi pesa. Kwa nini tunakataa kumlipa fundi kwa macho yake na muda wake? Tulipe fishi ya kupima, ndogo, inayojulikana, iandikwe ukutani. Na yeye kwa upande wake afungue sanduku mbele yetu, aseme alipima nini na alipata nini, na kipande alichobadilisha aturudishie mkononi hata kama kimeungua. Anayekataa kurudisha kipande kibovu, muulize ana kazi gani nacho. Nanyi kabla ya kuacha mashine kwa mtu, fungueni ubavu, pigeni picha kwa simu: bareti ngapi, diski ipi. Si matusi hayo. Mashine nyingi zimeingia na bareti mbili zikatoka na moja.

Na nisiwasahau wanaogawa. Yanakuja mashirika, yanakata utepe, yanaacha kompyuta kumi shuleni, yanapiga picha, yanaondoka. Baada ya mwaka saba zimefunikwa kitambaa. Hakuna aliyefundishwa kufungua ubavu, hakuna paketi ya mawe ya akiba, hakuna bisibisi. Shuleni somo la informatique tunalisoma ubaoni kwa chaki. Mimi mwenyewe nilichora inite santrali, nikataja sehemu zake, nikapata nane juu ya kumi, na siku ya kwanza kuona bareti ya ram nilidhani ni kipande cha radio. Nunueni kompyuta tisa badala ya kumi, na pesa ya ya kumi mlipe fundi mwaminifu akae mwezi mmoja na wanafunzi juu ya mashine mbovu. Vijana waliokimbia wana muda mwingi na hawana kazi. Mashine mbovu mjini hapa hazikosekani.

Jumamosi hii baada ya matangazo ya mchana, meza ya studio iko wazi. Leteni mashine isiyowaka na waya wake wa umeme, na kama inawezekana ekrani yake. Mafundi wanaoona nimewaonea waje pia, kipaza sauti kipo, nao watapima mbele ya watu. Mama wa gunia atakuwepo: sasa anapiga orodha za familia zilizofika mtaani kwao, kwa ajili ya mkubwa wa mtaa. Anachokosa ni printa. Mwenye nayo ya kuazimisha atufikie radioni.